Kompyuta mpakato nzito: kufuata dalili hadi kwenye chanzo kabla ya kupiga Windows upya

Malalamiko yanayofika mara nyingi zaidi kwenye meza za mafundi wa kompyuta hapa Arusha ni ya maneno mawili tu: "Imekuwa nzito." Maneno hayo yanabeba hitilafu kadhaa zisizofanana hata kidogo, lakini tiba inayotolewa ni ileile kwa karibu wote, yaani kupiga Windows upya. Mashine huonekana nyepesi kwa wiki moja au mbili kwa sababu programu zote zimeondolewa, kisha uzito unarudi, kwani diski iliyochoka, feni iliyojaa vumbi au chaja isiyotambuliwa haiponi kwa kubadilishiwa mfumo endeshi. Katikati ya kazi hiyo, wapo waliopoteza tasnifu, hesabu za duka au picha za marehemu wao kwa sababu hakuna aliyeuliza kama mafaili yamenakiliwa.

Mwongozo huu unahusu hasa mashine zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya, Marekani na Dubai, kama vile Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, ambazo huuzwa kwa wingi Arusha na Moshi na ambazo nyingi bado zina mwili imara kuliko mashine mpya za bei ya chini. Tafuta dalili inayofanana na yako, kisha fuata sababu kwa mpangilio ulivyo, kwa kuwa zimeanza na inayoonekana mara nyingi.

Kabla ya yote

Nakili mafaili yako ya muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha uyafungue kwenye kompyuta nyingine ili kuhakikisha kwamba yamenakilika kweli. Fanya hivyo hata kama unadhani tatizo ni dogo. Ila ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga, soma kwanza dalili ya mwisho.

Baada ya hapo, washa upya mashine kwa kuchagua Restart, si Shut down. Tofauti hii wengi hawaijui. Kuanzia Windows 8, ukizima kwa Shut down mfumo huhifadhi sehemu yake kwenye diski ili uwake haraka baadaye, kwa hiyo hitilafu ndogo ya jana inaweza kuamka nawe leo. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Kwa mtu ambaye kwa miezi mitatu amekuwa akifunga kifuniko tu na kwenda zake, hatua hii moja wakati mwingine inamaliza kazi.

Tatizo likibaki, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc ili kufungua Task Manager. Subiri dakika kumi baada ya mashine kuwaka, kisha tazama safu za CPU (prosesa, yaani ubongo wa mashine), Memory (RAM, kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) na Disk (diski inayohifadhi mafaili) wakati uzito unatokea. Safu iliyo karibu na asilimia 100 ndiyo inayokuonyesha pa kuanzia. Ninasisitiza: tazama wakati uzito unatokea, kwa sababu namba za mashine iliyotulia hazikuambii chochote.

Dalili: Inachukua dakika nyingi kuwaka, na kila programu inachelewa kufunguka

Katika hali hii safu ya Disk kwa kawaida huwa asilimia 100 kwa muda mrefu, ilhali prosesa haina kazi kubwa.

Sababu ya kwanza, ambayo inazidi nyingine zote kwa mbali, ni diski ya kuzunguka. Diski ya aina hiyo (HDD) ndani ya kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na sindano yake inahitaji takriban milisekunde kumi na zaidi kufikia kila kipande cha data. Ikisoma faili moja kubwa lililopangwa vizuri inaweza kufikia megabaiti 100 kwa sekunde, lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na hapo kasi hushuka hadi karibu megabaiti moja au chini yake. SSD, aina mpya ya diski, haina kitu kinachozunguka. Hufikia data kwa sehemu ndogo sana ya muda huo, na ile inayotumia kiunganishi cha SATA husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde. Kwenye matoleo ya karibuni ya Windows 10 na 11, ukurasa wa Performance ndani ya Task Manager unaandika kama diski yako ni HDD au SSD.

Ikiwa ni HDD, usipoteze fedha kwenye jambo lingine lolote kabla ya kuibadilisha. Mtu mwenye fedha za kufanya jambo moja tu kwa mashine ya 2013 yenye prosesa ya Core i5 anapaswa kununua SSD, hata ikiwa ana RAM ya GB 4. SSD ya GB 240 au 256 inawatosha wengi. Fungua kwanza, au uulize kwa namba ya modeli, ujue inachukua ya inchi 2.5 au ile ndogo ya M.2; na kwa M.2, jua kama nafasi yake inakubali SATA, NVMe (njia nyingine ya kuunganisha SSD) au zote mbili, kwa maana zinafanana kwa sura na bado moja inaweza isifanye kazi mahali pa nyingine. Jihadhari pia na SSD zinazouzwa bei ya kutupa zikiwa zimeandikwa terabaiti kadhaa. Nyingi zimepachikwa ukubwa wa uongo, na hujulikana tu pale data inapopotea baada ya kujaza sehemu ndogo ya kweli. Programu ya H2testw hujaribu ukubwa halisi. Ijaribu diski siku uliyoinunua, ukiwa bado na risiti.

Sababu ya pili ni programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye ukurasa wa Startup ndani ya Task Manager zima zile usizozihitaji mara mashine inapowaka: programu za simu za video, za kupakua muziki, za printa uliyoiuza zamani. Usizime ya kuzuia virusi, na usiguse usichokitambua kabla ya kutafuta jina lake.

Ya tatu ni kujaa kwa diski C. Ikibaki nafasi ndogo sana, Windows hukosa mahali pa kuweka mafaili yake ya muda na masasisho. Acha angalau asilimia 15 wazi. Hamisha video na picha kwenda diski ya nje na utumie Disk Cleanup. Usifute kwa mkono chochote kilicho ndani ya folda ya Windows.

Ya nne inahusu namna tunavyotumia intaneti huku. Anayetegemea bando la simu huzuia masasisho kwa wiki nyingi, halafu siku anapopata mtandao wa ofisini au chuoni, yote hushuka na kujisakinisha kwa pamoja, na mashine inakuwa nzito kwa saa mbili au tatu. Hiyo si hitilafu. Iache kwenye chaja imalize, kisha iwashe upya.

Tahadhari moja kwa wenye mashine ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 au 64 ya aina ya eMMC: hifadhi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi mama na haibadilishwi kama diski. Fundi akikuahidi kuibadilisha kwa urahisi, muulize kwa makini anamaanisha nini.

Dalili: Inaanza vizuri, baada ya nusu saa inachemka, feni inavuma na kila kitu kinapungua kasi

Prosesa hujilinda. Joto lake likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, inapunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na likizidi zaidi mashine huzimika ghafla. Mtumiaji huona uzito, lakini kinachoendelea ni ulinzi. Programu kama HWMonitor au Core Temp huonyesha joto hilo. Mashine iliyotulia ikionyesha nyuzi 80 ina tatizo.

Sababu inayoongoza ni vumbi. Udongo wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro umetokana na volkano, na wakati wa kiangazi, hasa kando ya barabara za ndani zisizo na lami, vumbi lake laini huingia kila mahali. Ndani ya kompyuta hushikamana na nyuzi za mazulia na nywele, likajenga kitu kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto. Feni inazunguka kwa nguvu zote, na hewa haipiti.

Anza na jambo rahisi: unaiweka wapi? Juni na Julai, Arusha inapokuwa na baridi, watu hufanya kazi kitandani wakiwa wameiweka juu ya blanketi, na matundu ya chini yanazibwa kabisa. Mwezi huohuo mtu analalamika kwamba mashine inachemka wakati yeye mwenyewe anatetemeka. Iweke juu ya meza au ubao mgumu, kisha uone. Moshi iko chini zaidi na ina joto kuliko Arusha, kwa hiyo Januari na Februari huko hata mashine safi huhitaji meza na chumba chenye hewa.

Kama matundu yako wazi na bado inachemka, inatakiwa kusafishwa ndani. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde ishirini ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kilicho wazi kabla ya kugusa bodi. Zuia mapanga ya feni kwa kidole au kijiti unapopuliza hewa, kwa sababu feni ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi inaharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Tumia brashi laini kwenye mapezi. Usitumie kitambaa chenye maji, wala usipulize kwa mdomo, kwani pumzi ina unyevu.

Sababu inayofuata ni kukauka kwa pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na bomba la shaba. Kwenye mashine ya miaka mitano au zaidi mara nyingi imegeuka unga. Kuibadilisha kunahitaji kulegeza skrubu kwa mpangilio ulioandikwa kwa namba kandokando yake, kufuta pesti ya zamani kwa alkoholi safi, na kuweka tone jipya dogo lenye ukubwa wa punje ya mchele. Ikiwa hujawahi kufanya hivyo, mpe fundi. Prosesa za mashine nyingi za sasa ziko wazi bila kifuniko cha chuma, na kona yake ikivunjika, bodi nzima imekwisha. Feni inayokwaruza, inayotikisika au isiyozunguka kabisa inabadilishwa, haitiwi mafuta ya kupikia wala ya cherehani.

Simama hapo hapo ukifungua na kukuta betri imevimba, au ukiona kabla ya kufungua kwamba padi ya kipanya imeinuka au kifuniko hakikai sawa. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto usiozimika kirahisi. Zima mashine, iweke mbali na vitu vinavyoungua, na umwachie fundi mwenye uzoefu aitoe.

Dalili: Iko sawa kwa kazi moja, inaganda ukifungua kurasa nyingi

Hapa safu ya Memory ndiyo inayopanda juu. GB 4 za RAM hazitoshi kwa kivinjari chenye kurasa kumi, jedwali la hesabu na simu ya video kwa pamoja; RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu kwenye diski, na diski ikiwa ya kuzunguka, mashine inaganda. Funga kurasa na ondoa viongezi vya kivinjari usivyovitumia kabla ya kununua kitu. Kagua pia kama una programu mbili za kuzuia virusi. Zinapokaguana, hula RAM na prosesa pamoja. Windows 10 na 11 tayari zina Defender, nayo inatosha kwa wengi.

Ukiamua kuongeza RAM, jua kwanza aina yake. DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, na mashine nyingi za DDR3 zilizotoka baada ya 2013 zinahitaji DDR3L ya volti 1.35, si DDR3 ya kawaida. Kagua pia kama Windows yako ni ya biti 32, kwani toleo hilo haliwezi kutumia zaidi ya takriban GB 4 hata ukiweka 16. Wapo waliolipia RAM mpya na hawakuona tofauti kwa sababu hiyo tu.

Dalili: Ni nzito ikiwa kwenye chaja, au tangu uliponunua chaja nyingine

Hii huwasumbua watu miezi mingi bila kujua. Chaja za Dell zina kipini chembamba katikati ambacho huiambia mashine uwezo wa chaja. Kipini hicho kikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga, mashine haiitambui. Inaonyesha ujumbe wakati wa kuwaka, inakataa kuchaji betri, na inashusha kasi ya prosesa hadi chini ya gigahezi moja. Wengi hubonyeza kitufe kuupita ujumbe huo kila asubuhi na kusema kompyuta imezeeka. HP na Lenovo nazo hutumia njia zao za kutambua chaja. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayohitaji 65 au 90 inaleta tatizo la namna hiyohiyo.

Jaribu kwa chaja halisi ya mtu mwingine mwenye modeli kama yako. Uzito ukiondoka, umepata jibu kwa dakika tano. Usipoondoka, tundu la kuchajia linaweza kuwa limelegea ndani. Kumbuka vilevile kwamba baadhi ya mashine hupunguza kasi zinapoendeshwa bila betri. Usifungue chaja yenyewe. Ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa. Umeme unapokatika, chomoa chaja kwenye soketi hadi urudi na kutulia, kwa kuwa mshtuko wa kurudi kwake umeua bodi nyingi.

Dalili: Prosesa iko juu na hujafungua kitu, matangazo yanajitokeza, mafaili ya flashi yamegeuka njia za mkato

Hivi ni virusi, na njia yake kubwa hapa kwetu ni flashi inayopita kwenye kompyuta za stesheneri, ambako mamia ya watu huchapisha kazi zao. Njia ya pili ni programu zilizovunjwa leseni na vifaa vya kuamilisha Windows bure, ambavyo hukuomba uzime Defender kwanza. Ombi hilo peke yake lingetosha kukusimamisha.

Endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline, ambao huwasha mashine nje ya Windows ya kawaida. Mafaili ya flashi kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Baada ya kusafisha virusi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E. Ikiwa virusi vinarudi baada ya usafi mara mbili, sasa ndipo kupiga Windows upya kunastahili, baada ya kunakili mafaili yako na kuacha nje kila programu.

Dalili: Intaneti tu ndiyo nzito

Jaribu ukurasa huohuo kwenye simu iliyounganishwa mtandao uleule. Ikiwa nayo inasota, kompyuta haina kosa.

Dalili: Imekuwa nzito tangu kubadilishiwa Windows

Windows 11 inahitaji rasmi angalau GB 4 za RAM, TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na prosesa iliyo kwenye orodha yake, ambayo kwa upande wa Intel huanzia hasa kizazi cha 8. Kuilazimisha kwenye mashine ya 2012 kunawezekana, lakini programu zinazoendesha kioo na sauti (drivers) huenda zisifanye kazi vizuri. Kwa upande mwingine, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine ya zamani inayotumika kuandika, kusoma barua pepe na kuingia mtandaoni, ninapendekeza kwa dhati Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, yenye mandhari nyepesi ya Xfce. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, uone kama Wi-Fi na printa yako vinafanya kazi. Haimfai anayetegemea programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee.

Dalili: Inaganda ghafla, mafaili yanapotea, diski inatoa mlio wa kugonga

Hii nimeiacha nyuma kwa kuwa hutokea mara chache kuliko zilizotangulia, ila ndiyo isiyosamehe. Kama hakuna mlio, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha hali ya diski: ikiandika Caution au Bad, au namba za sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa na zinazosubiri kwa sababu ya ubovu zikiendelea kupanda, nakili mafaili leo. Usianze na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, maana ukaguzi wake wa kina huitumikisha diski inayokufa kwa saa nyingi na unaweza kuimaliza kabla hujapata chako.

Ikiwa kuna mlio wa kugonga, zima mara moja na usiiwashe tena kujaribu. Kila dakika inayozunguka, sindano inaweza kuwa inakwaruza uso wenye data. Usiigandishe kwenye friji, usiigonge, na usiruhusu ifunguliwe juu ya meza ya kawaida, kwa kuwa punje moja ya vumbi ina ukubwa kuliko nafasi iliyopo kati ya sindano na sahani. Mashine iliyomwagikiwa chai au maji inahitaji uangalifu wa namna hiyo: chomoa chaja, zima, usiiwashe, na uipeleke ikiwa bado imezimwa.

Unapofika kwa fundi, mweleze dalili na ulichokiona kwenye Task Manager badala ya kumwambia kwamba ni nzito. Mwambie waziwazi asipige Windows kabla hujathibitisha kwamba mafaili yako yamenakiliwa. Ikiwa diski inabadilishwa, dai urudishiwe ile ya zamani siku hiyohiyo, hata kama imekufa, kwa sababu nywila, picha na nyaraka zako zote bado zimo ndani yake.